Kiwandani wote wanaitwa jina moja: hawa ni kabila gani?

Swali: "Mwalimu, salamu. Mimi ni mama Mkongo wa Bukavu. Tulikaa kambi ya Nakivale, Uganda, miaka tisa, ndipo tukaletwa Iowa. Nafanya zamu ya usiku kwenye kiwanda cha nyama, na karibu nusu ya wenzangu wanaitwa 'Hispanic'. Nashindwa kuwaelewa. Mmoja kazaliwa Texas, Kihispania hajui, na anasema ukoo wake haujahama popote. Yupo wa Puerto Rico anayesema yeye si mhamiaji. Wa Guatemala wakikaa wenyewe wanaongea lugha ambayo si Kihispania kabisa. Kuna Mdominikana, ngozi yake nyeusi kuliko yangu; nilimwita Mweusi mwenzangu, akaninunia wiki nzima. Na yule wa Texas alimpigia Trump kura! Hawa ni kabila, ni rangi, au ni lugha? Halafu, unisamehe kwa hili, kwa nini hawakupanga foleni kama sisi?"

Jibu:

Dada yangu, salamu zimefika. Swali lako la mwisho ndilo zito na ndilo nitakaloliandikia zaidi. Lakini halijibiki kabla hatujawatenganisha hao wenzako, kwa sababu kwa wawili kati yao hiyo foleni haikuwahi kuwepo wala haikuhitajika.

Si kabila, si rangi, na kwa hao wa Guatemala umeshaona kwamba hata lugha si lazima. Hispanic ni kisanduku kwenye fomu ya serikali, cha wenye asili ya nchi zinazoongea Kihispania, tena kisanduku chenyewe nimekizidi umri. Sensa ya Marekani ya 1930 iliwahesabu Wameksiko kama rangi yao peke yao. Serikali ya Meksiko ikalalamika, na wenyewe wakalalamika, maana siku zile kuandikwa kwamba wewe si Mzungu kulikuwa na gharama yake. Sensa ya 1940 ikawarudisha kwenye Uzungu. Mwaka 1970 likajaribiwa swali jipya kwa sehemu ndogo ya watu: asili yako ni Meksiko, Puerto Rico, Kuba, Amerika ya Kati au Kusini? Hapo pakatokea kichekesho ambacho wewe wa Iowa utakielewa upesi. Wamarekani wengi wa majimbo ya katikati na ya kusini, ambao hawajui hata neno moja la Kihispania, waliweka alama hapo wakidhani wanaulizwa wanaishi upande gani wa nchi. Sensa ya 1980 ndiyo ya kwanza kuwauliza watu wote kama wao ni Hispanic.

Jina hilo halikulazimishwa na serikali peke yake. Wanaharakati walilitaka. Wameksiko walikuwa California na Texas, Wapuerto Rico New York na Chicago, Wakuba Miami. Kila kundi likienda Washington peke yake kudai shule au haki ya kura lilionekana dogo. Vituo vya televisheni vya Kihispania navyo vilitaka soko moja la kuwauzia wenye matangazo. Kwa hiyo jina lilikuja na faida zake, ila halikuwageuza watu kuwa ukoo mmoja. Ukiwauliza wenyewe, wengi watakutajia nchi ya wazazi wao kwanza, kisha ndiyo Hispanic au Latino, yaani mtu wa asili ya Amerika ya Kilatini. Lile neno jipya la vyuoni, Latinx, utafiti wa 2023 wa Pew, shirika la utafiti la Marekani, ulikuta wanaolitumia ni 4 tu kati ya 100.

Na kisanduku kikiguswa kidogo, watu wanahama. Mwaka 2010, Walatino waliojiandika kuwa ni Wazungu tu walikuwa milioni 26.7. Mwaka 2020, fomu ilipobadilishwa na majibu yakasomwa kwa namna nyingine, walibaki milioni 12.6, huku wenye rangi mbili au zaidi wakipanda kutoka milioni 3 hadi milioni 20.3. Hakuna aliyebadilika ngozi. Sisi wenyewe tumeyaona haya pwani: Zanzibar, kati ya sensa ya 1924 na ya 1931, waliojiita Waswahili waliporomoka ghafla, wakajaa Washirazi, Wahadimu na Watumbatu. Ni watu wale wale, nyumba zile zile, ila jina lenye heshima lilikuwa limebadilika.

Sasa huyo wa Texas. Anaposema ukoo wake haujahama, huenda anakuambia kweli tupu. Mji wa Laredo ulianzishwa 1755, miaka 21 kabla Marekani haijajitangazia uhuru. Texas ilichukuliwa 1845, vita vikafuata, na kwa mkataba wa Guadalupe Hidalgo wa tarehe 2 Februari 1848 Meksiko ikapoteza karibu nusu ya nchi yake kwa dola milioni 15: California, Nevada, Utah, sehemu kubwa ya Arizona na New Mexico, na vipande vya Colorado na Wyoming. Watu wanaokaribia 100,000 walilala Wameksiko wakaamka wako Marekani. Wajukuu wao wana msemo: hatukuvuka mpaka, mpaka ndio uliotuvuka sisi.

Kihispania hakijui kwa sababu kilichapwa kikatoka. Texas ilikuwa na sheria ya 1918 iliyolazimisha shule za serikali kufundisha kwa Kiingereza tu, na hadi miaka ya 1960 mtoto aliyesikika akisema Kihispania uwanjani angeweza kuchapwa au kubakishwa darasani wenzake wakienda nyumbani. Wewe umesoma Kongo na wengine tumesoma Kenya au Tanganyika. Kile kibao cha aibu shingoni kwa kuongea lugha ya nyumbani hakihitaji maelezo. Tofauti ni kwamba sisi tulitoka shuleni tukakuta kijiji kizima bado kinaongea. Wao walipokuwa wazazi wakaamua: mwanangu hatapigwa kwa ajili hii. Wakamlea kwa Kiingereza. Sasa binamu zake wa Meksiko wanamcheka kwa kutojua Kihispania, na mjini kwenu Iowa anaulizwa katoka wapi. Ukiona ana hasira, nyingine inatoka huko.

Wa Puerto Rico hana foleni ya kupanga. Kisiwa kilitwaliwa kutoka kwa Hispania 1898, na sheria ya 1917 ikawapa watu wake uraia wa Marekani. Kutoka San Juan kwenda Iowa hakuhitaji viza, kama vile kutoka Mwanza kwenda Mtwara. Kinaya chake ni hiki: akiwa kisiwani hapigi kura ya rais, akihamia Iowa anapiga. Nilipokuwa mwanafunzi Chicago nilipanga chumba Pilsen, mtaa wa Wameksiko, na siku moja nikawaambia marafiki wa Humboldt Park, kwenye bendera kubwa za chuma za Puerto Rico, kwamba wao na wenye nyumba wangu ni wahamiaji wa aina moja. Nilirekebishwa pale pale, na si kwa upole.

Mdominikana wako usimkasirikie. Nchi yake inahesabu uhuru wake kuanzia 1844, na walijitenga na Haiti, si na Wazungu. Mwaka 1937 mtawala wao Trujillo aliamuru mauaji ya maelfu ya Wahaiti mpakani. Kwa vizazi vingi neno "Mweusi" huko likawa na maana ya Mhaiti, na raia mwenye ngozi kama yako aliandikwa kwenye kitambulisho kuwa ni "indio", yaani kama Mhindi Mwekundu. Ulipomwita Mweusi mwenzangu wewe ulimkaribisha, yeye akasikia anavuliwa utaifa. Wapo wengi sasa, hasa vijana wa New York, wanaosema sisi ni Weusi na ni Walatino, na hatuombi radhi. Si jambo jipya: Arturo Schomburg, aliyezaliwa Puerto Rico 1874, ndiye aliyekusanya vitabu na nyaraka za historia ya watu Weusi zilizokuja kuwa maktaba maarufu ya Harlem yenye jina lake. Lakini hilo ni neno la mtu kujisemea mwenyewe. Wewe mwite kwa jina lake.

Nije kwenye foleni.

Mnaposema "tulipanga foleni" mnasema kweli, na miaka tisa Nakivale si mchezo. Mahojiano, vipimo, mahojiano tena, jina kupotea, jina kurudi. Lakini tazama hiyo foleni ilikuwa ni nini: kulikuwa na mlango wenye maandishi "mkimbizi Mkongo", na Marekani ilituma watu hadi kambini kuufungua. Swali lako kwa wenzako linapaswa kuanzia hapo: wao mlango wao ulikuwa upi?

Kwa Mmeksiko, kwa muda mrefu mlango ulikuwa ajira, na ulifunguliwa na Marekani yenyewe. Kuanzia 1942 hadi 1964 palikuwa na mpango wa serikali mbili, Bracero, wa kuleta vibarua wa mashambani. Ilisainiwa mikataba takriban milioni 4.6, mtu mmoja aliweza kwenda na kurudi mara nyingi. Mwaka 1964 mpango ukafungwa, na ilikuwa na sababu, maana vibarua walinyanyaswa na kupunjwa mishahara. Mwaka uliofuata ikapitishwa sheria mpya ya uhamiaji, ile ile iliyotufungulia mlango sisi Waafrika na Waasia, na kwa mara ya kwanza ikaweka kikomo cha idadi kwa bara la Amerika lote. Mwaka 1976 kila nchi ikawekewa viza 20,000 kwa mwaka, Meksiko sawa na kisiwa chochote kidogo. Nyanya na zabibu zilikuwa pale pale, mwenye shamba alikuwa yule yule, na mwanakijiji wa Jalisco aliendelea kwenda msimu wa mavuno kama baba yake alivyokwenda. Kilichobadilika ni jina lake kwenye karatasi: jana kibarua wa mkataba, leo mtu haramu.

Hata hivyo alikuwa akirudi kwao. Hili watu wengi hawalijui. Wanaume walivuka, wakafanya kazi miezi, wakarudi kwa wake zao. Mwaka 1986, chini ya Rais Reagan, watu kama milioni 2.7 walipewa makaratasi. Kisha kuanzia 1993 na 1994 ulinzi ukaimarishwa sana El Paso na San Diego, miji ya mpakani. Kuvuka kukawa ghali na kwa hatari, kupitia jangwa la Arizona ambako watu wanakufa kwa kiu. Unafikiri mtu aliyevuka kwa taabu hiyo atarudi Desemba kula sikukuu ili Januari aanze upya? Akabaki. Akamwita mke. Watoto wakazaliwa raia. Ulinzi uliowekwa ili kuwazuia nje uliwafungia ndani.

Halafu ikaja sheria ya 1996, na hii uisome polepole kwa sababu ndiyo jibu la "si aombe tu makaratasi". Aliyekaa bila kibali zaidi ya mwaka mmoja, akitoka nchini, anafungiwa nje miaka 10. Aliyeingia bila kukaguliwa mpakani, hata akioa raia wa Marekani, kwa kawaida hawezi kukamilisha maombi akiwa ndani. Sharti atoke aende ubalozi wa Marekani ulioko kwao. Akitoka, miaka 10 inaanza kuhesabiwa. Upo msamaha wa kuombwa, una masharti, wakili na pesa, na wengine hupewa. Lakini unaona mtego: mlango wa kupata makaratasi uko nje, na ukitoka kuufuata unafungwa nyuma yako.

Na yule anayengoja kwao kwa utaratibu? Kila nchi ina kikomo cha asilimia 7 ya viza za familia na za kazi zenye kuhesabiwa, iwe Burundi au Meksiko. Raia wa Marekani anayemwombea kaka yake aliyeko Meksiko anasubiri zaidi ya miaka 20. Ilipofika 2025, waliokuwa wakiitwa ni wale walioombewa mwanzoni mwa miaka ya 2000. Bahati nasibu ya viza, ambayo kila mtaa wa Dar, Nairobi na Kinshasa una mtu aliyeijaza, Mmeksiko haruhusiwi kuijaza, kwa kuwa nchi iliyotoa wahamiaji zaidi ya 50,000 katika miaka mitano hutolewa. Mkongo, hadi 2025, alikuwa akiruhusiwa. Kwa Mmeksiko asiye na ndugu Marekani wala shahada ya juu, foleni ya kukaa moja kwa moja karibu haipo. Si kwamba ni ndefu.

Wa Guatemala ndio wanaofanana nanyi kuliko wote, na ndio walionyimwa kile mlichopewa. Mwaka 1954 shirika la ujasusi la Marekani lilisaidia kumpindua rais wao aliyechaguliwa, Jacobo Árbenz, aliyekuwa akigawa ardhi kwa wakulima. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vikaanza 1960 hadi 1996. Tume ya ukweli ilikadiria waliouawa na kupotezwa kuwa zaidi ya 200,000, na kati ya waliotambuliwa, 83 kwa 100 walikuwa Wamaya, wenyeji wa ile milima kabla Mhispania hajafika. Vijiji vilichomwa. Kambi za wakimbizi zilikuwepo, ng'ambo ya mpaka Chiapas, Meksiko, zenye zaidi ya watu 40,000 walioandikishwa na UNHCR. Waliofika Marekani na kuomba hifadhi miaka ya 1980 walikubaliwa chini ya 3 kwa 100, kwa kuwa serikali waliyoikimbia ilikuwa rafiki wa Washington. Mkuba wa wakati huo huo, kwa sheria ya 1966, aliweza kuomba ukaazi wa kudumu baada ya mwaka mmoja tu, kwa kuwa serikali aliyoikimbia ilikuwa adui. Ilibidi makanisa yaishitaki serikali, na 1991 ikakubali kusikiliza upya kesi za Waguatemala na Wasalvador. Wengine walikuwa wameshaacha kuamini mahakama.

Kwa kuwa unafanya kazi ya nyama hapo Iowa, lazima usikie habari ya Postville. Ni mji mdogo kaskazini-mashariki mwa jimbo lenu. Tarehe 12 Mei 2008 maofisa wa uhamiaji waliingia kiwanda cha nyama cha mji huo wakawakamata watu 389, wengi wao Waguatemala. Walipelekwa Waterloo, kwenye viwanja vya maonyesho ya ng'ombe, wakasomewa mashitaka watu kumi kumi kwa mkupuo. Miongoni mwao walikuwa Wamaya ambao hata Kihispania cha mkalimani kiliwapita juu ya vichwa. Wengi walifungwa miezi mitano kisha wakarudishwa kwao. Nyumba zikabaki tupu, maduka yakafunga. Kiwanda kikatafuta mikono mingine: kikaleta Wasomali, kikaleta hata watu wa visiwa vya Palau kutoka katikati ya Pasifiki. Nakuambia hili kwa sababu wewe na Mguatemala anayesimama kando yako mmeshika kisu kwenye mstari mmoja kwa sababu moja, na hiyo sababu haiulizi nani alipanga foleni.

Kuhusu kura ya Trump, usishangae sana. Mwaka 2024 karibu nusu ya Walatino waliopiga kura walimchagua. Starr, wilaya ya Texas mpakani ambako karibu kila mtu ni wa asili ya Meksiko, ilichagua mgombea wa Republican, chama cha Trump, kwa mara ya kwanza tangu 1892. Bei ya mayai na petroli ilikuwa hoja. Makanisa ya kiinjili ni hoja. Kule mpakani askari wa doria ni binamu na mashemeji, ni kazi yenye mshahara mzuri na bima. Na kuna hili lisilosemwa hadharani: mtu ambaye maisha yake yote ameulizwa "umetoka wapi" wakati babu yake alizikwa pale kabla Marekani haijakuwapo, anatafuta njia ya kuonyesha kwamba yeye si yule mwingine. Silipendi jibu lake, lakini nalielewa. Tena hilo swali wewe umelibeba pia ndani ya barua yako, uliponiuliza kwa nini wao hawakufanya kama sisi.

Kura haikumkinga na uso wake. Septemba 2025 Mahakama ya Juu ya Marekani iliwaruhusu maofisa wa uhamiaji Los Angeles kuendelea kusimamisha watu huku kesi ikiendelea, na miongoni mwa sababu zilizobishaniwa ni sura, kuongea Kihispania na aina ya kazi mtu anayofanya. Wazee wake wanakumbuka miaka ya 1930, ambapo katika ile dhiki ya uchumi mamia ya maelfu walipakiwa treni kupelekwa Meksiko, wengi wao raia waliozaliwa Marekani.

Hao wa Guatemala na lugha yao: usiseme ni lahaja ya Kihispania. Ni kama mtu akuambie Mashi, lugha ya huko kwenu Bukavu, ni lahaja ya Kifaransa. Lugha za Kimaya ziko zaidi ya 20 nchini mwao. Waulize wametoka mkoa gani. Wakisema Totonicapán, yaelekea ni Wak'iche', na asante yao ni "maltyox". Wakisema Chimaltenango, ni Wakaqchikel, hao husema "matyox". Wakisema Huehuetenango uulize tena, maana huko lugha ni nyingi, ila wakiwa Wamam jaribu "chjonte". Utakosea matamshi na watacheka. Wafundishe nawe "koko" ya Mashi.